Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Umri wa Wiski na Namna Tulivyoupima

Ndugu wanachama,

Mwaka huu chama kilijipa kazi moja: kujua miaka iliyoandikwa kwenye chupa ya wiski ya kimea ya Uskoti inatuambia nini na inatuficha nini.

Kisheria, nambari hiyo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo chupani. Kanuni za wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zinataka walau miaka 3 ndani ya pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, na kilevi kisichopungua asilimia 40. Lakini nambari kama 18 haikuambii pipa lilishatumika mara ngapi, na hapo ndipo penye neno. Pipa lililotoka kwenye sheri, mvinyo mkali wa Uhispania, na kujazwa wiski kwa mara ya kwanza hutoa rangi na tanini, ule ukakasi wa mti, kwa kasi. Lililokwisha kujazwa mara tatu laweza kukaa miaka 20 likatoa wiski yenye rangi hafifu, ladha ya matunda na tabia ya kiwanda chenyewe. Wapo wanaoiona kama imepunjwa. Kwangu mimi mara nyingi hiyo ndiyo bora. Tena sheria inaruhusu kuongeza karameli kwa ajili ya rangi, kwa hiyo safu ya rangi tumeifuta kwenye karatasi ya alama.

Ulinganisho uliotufunza zaidi ulikuwa wa Lagavulin 16 na Caol Ila 18. Zote zinatoka Islay, kisiwa cha Uskoti, zote zina kilevi asilimia 43, na shayiri ya viwanda vyote viwili hukaushwa kwa moshi wa piti, udongo wa mboji unaochomwa kama kuni, huko Port Ellen kisiwani humo. Hata hivyo glasini moja ni nzito kama moshi ulioganda kwenye nguo, nyingine ni safi, ya limau na majivu. Umri peke yake hauelezi tofauti hiyo. Mabomba ya mitambo ya shaba ya kukenekea ya Lagavulin huteremka kwa mwinamo mkali, hivyo mvuke mzito hupita kirahisi. Mitambo ya Caol Ila ni mikubwa na mvuke hugusana na shaba kwa muda zaidi, ukatoka mwepesi. Anayetaka kuonja umri wenyewe aweke Talisker 10 kando ya Talisker 18: zote ni asilimia 45.8, na pilipili kali ya ile changa imetulia kwenye ile kongwe. Moshi hufifia pipani kadiri miaka inavyokwenda.

Tulikosea kwenye Glenfarclas. Tuliiweka ya miaka 15, ambayo ni asilimia 46, dhidi ya ile ya 25, asilimia 43, bila kusawazisha. Ulimi huupa ukali alama ambazo ni haki ya ladha, na changa ikashinda kwa nguvu tu. Dawa yake ni hesabu ndogo: zidisha mililita ulizomimina kwa asilimia iliyopo, gawanya kwa asilimia unayoitaka, kisha toa ulizomimina. Mililita 20 za asilimia 46 zinahitaji maji mililita 1.4 hivi kufika 43. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na maji yawe ya chupa. Klorini ya bombani huua harufu nyepesi kwanza. Ukitia maji ukaona ukungu, wiski haijaharibika. Ni mafuta yake, ambayo viwanda vingi huyachuja kwa baridi ili kuuzuia.

Kuhusu mwaloni uliozidi, tutumie neno tulilonalo: ukakasi, ule wa bibo. Ukianza kukausha ufizi kabla utamu haujaisha, pipa limeishinda wiski. Harufu ya kijiti cha kiberiti kilichozimwa ni kitu kingine: hiyo ni salfa iliyochomwa ndani ya mapipa ya sheri ili yasioze.

Utaratibu wa kikao unabaki wa glasi tano, mililita 15 kila moja. Jumla ni mililita 75, yaani vipimo vitatu vya baa za Uingereza, kwa hiyo kopo la kutemea litakuwepo na anayeendesha gari atalitumia. Mpangilio ni kuanzia isiyo na moshi kwenda yenye moshi. Ukikosea hapo, glasi zinazofuata zote zitanuka piti. Funikeni glasi kwa dakika 10 kabla ya kunusa, na pua isizame ndani. Manukato na udi vibaki nyumbani. Pilau iliwe baadaye.

Hifadhi ndiyo iliyotugharimu. Chupa zisimame wima, kwa sababu kilevi kikali hula kizibo. Chupa iliyobaki theluthi huchakaa kwa hewa, basi ihamishiwe kwenye vichupa vidogo vijazwe hadi shingoni. Kizibo kikavu kikikatika, chujeni kwa karatasi ya kahawa. Kwa walioko Mombasa na Dar es Salaam, kabati la ndani mbali na dirisha linatosha; joto hupanua wiski na kusukuma kizibo. Jokofu halihitajiki.

Mapendekezo ni mawili. Kwanza, tusinunue chupa iliyozidi miaka 18 mpaka tuwe na mwenzake mwenye kilevi kilekile au tukubaliane kuisawazisha. Pili, fedha zilizotengwa kwa chupa moja ya miaka 25 zinunue chupa kadhaa za miaka 12 hadi 18 kutoka kiwanda kimoja, mapipa tofauti. Mhazini atasoma hesabu kabla ya kura.

Kila mmoja aje na glasi zake tano zenye mdomo mwembamba, zilizooshwa kwa maji ya moto bila sabuni yenye harufu, na zisiwe zimefunikwa kifudifudi kabatini.