Kitambaa cha kuoshea vyombo cha wiki hii

Habari zenu wanakikundi. Andaeni uzi wa pamba wa unene wa kati na sindano ya kroshia ya milimita 5. Akriliki hapana, hainyonyi maji vizuri.

Anza na minyororo 32. Zungusha uzi kwenye sindano, ingia mnyororo wa 3 kutoka kwenye sindano, vuta uzi, kisha upitishe kwenye vitanzi vyote 3 kwa pamoja. Rudia hivyo kwenye kila mnyororo, utapata mishono 30. Mnyororo 1, geuza.

Sasa usiingie kwenye V ya juu, yaani nyuzi mbili zinazounda V juu ya kila mshono. Chini yake, upande unaokutazama, kuna uzi uliolala: ingia hapo, kila mstari, hadi kiwe mraba. V husukumwa nje, kikafanana na kilichofumwa kwa sindano mbili.

Kikipungua upana, umeruka mshono wa mwisho. Uzi wake hujificha. Hesabuni 30 kila mstari, tafadhali.