Kuhusu timu iliyokualika

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote ulio nao. Mimi ni mzima wa afya, ila miguu bado inalalamika kwa mazoezi ya milimani. Barua yako nimeipata, nikaisoma taratibu, nikaiweka mezani ili niijibu nikiwa na nafasi ya kutosha.

Ama baada ya salamu, niende kwenye swali lako. Unasema timu ya ridhaa ya mbio za baiskeli imekualika na wewe unasita, kwa sababu nahodha wao amekuambia waziwazi kwamba msimu wa kwanza utakuwa msaidizi. Kazi yako itakuwa kukinga upepo, kuwafukuza wanaotoroka mbele ya kundi na kumfikisha mwenzako karibu na mstari wa mwisho, kisha yeye ndiye atakayeinua mikono. Umeniuliza kwa nini uumie ili liandikwe jina la mtu mwingine. Nakuelewa kabisa. Mimi nimefanya kazi hiyo msimu baada ya msimu, na ningali naifanya. Ushauri wangu ni kwamba ukubali, na nitakueleza sababu kwa kirefu, maana nakujua, hutaridhika na neno moja.

Tuanze na upepo, kwa kuwa mchezo huu wote umejengwa juu yake. Kwenye barabara tambarare, ukishafika kilomita 40 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zako inaishia kwenye kuipasua hewa iliyo mbele yako. Msuguano wa tairi na cheni ni kitu kidogo. Tena gharama yake inapanda haraka mno: ukitaka kuongeza kasi mara mbili, nguvu za kuishinda hewa zinapanda mara nane. Lakini ukijificha nyuma ya gurudumu la mwenzako, karibu naye sawasawa, unaokoa takribani theluthi ya nguvu zako huku mkienda kasi ile ile. Ndani ya msafara, yaani lile kundi kubwa la waendeshaji, nafuu ni kubwa zaidi. Mwaka 2018 mtafiti Bert Blocken na wenzake walipima mfano wa msafara wa waendeshaji 121 kwenye handaki la upepo, wakakuta kwamba walio ndani kabisa, kuelekea nyuma, wanapata asilimia 5 hadi 10 tu ya upinzani wa hewa ambao mtu angeupata akiwa peke yake.

Hebu tafakari maana ya takwimu hizo. Mtu mwenye nguvu kuliko wote akikaa mbele muda wote, atashindwa na mtu wa kawaida aliyekingwa hadi mita 200 za mwisho. Kwa hiyo yule anayeinua mikono amefika pale akiwa na miguu mibichi kwa sababu kuna watu waliomaliza ya kwao. Matokeo yanaandika jina moja kwa kuwa karatasi haina nafasi ya mengine. Walio ndani ya mbio wanajua nani alifanya nini, na nakuhakikishia wanakumbuka.

Najua utaniletea habari ya Anna Kiesenhofer, kwa sababu uliwahi kunisimulia kwa furaha. Ni kweli: mwanahisabati wa Austria, hana mkataba na timu yoyote ya kulipwa, anachomoka tangu mwanzo kabisa wa mbio za barabarani za Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, anawaacha wenzake wa mwisho waliochomoka naye zikiwa zimebaki kilomita kama 40, anashinda medali ya dhahabu peke yake. Mimi nampenda sana yule dada. Lakini itazame mbio ile kwa upande wa waliokuwa nyuma. Uholanzi walikuwa na waendeshaji wanne, kila mmoja wao anaweza kushinda mbio yoyote duniani. Redio za masikioni haziruhusiwi kwenye Olimpiki, mawasiliano yakapotea, hakuna aliyebeba jukumu la kuvuta mapema, na mmoja wao, Annemiek van Vleuten, akavuka mstari akishangilia dhahabu, kumbe mbele yake kuna mtu. Mimi najifunza mawili hapo. Mtu mmoja jasiri anaweza kushinda, na hilo lisikutoke moyoni. La pili ni kwamba wanne wenye nguvu wasiogawana kazi wanapitwa na mmoja anayejua anachokifanya.

Sasa nikueleze kazi yenyewe ilivyo kwa karibu, kwa sababu nadhani unaiona kama utumwa na hujawahi kuiishi. Chukua kupokezana. Mnakwenda kwa mstari, kila mmoja akishika zamu mbele kwa muda mfupi, kisha anasogea pembeni, upande ule upepo unakotoka, na kuteremka taratibu hadi mkiani. Mgeni akifika mbele, damu inachemka, anataka kuonyesha alichonacho, anakanyaga kwa nguvu. Hapo ndipo mstari unapokatika, na wale waliotoka zamu sasa hivi, pumzi juu juu, wanalazimika kuziba pengo. Anayeijua kazi anafika mbele na mwendo haubadiliki hata kidogo. Ungefumba macho usingejua kwamba zamu imebadilika. Huo ni ufundi kamili, na unachukua muda mrefu kuupata kuliko kuongeza nguvu za miguu.

Upepo wa ubavuni ni shule nyingine. Hapo mstari wa nyuma kwa nyuma haukusaidii. Inabidi mjipange mshazari, kila mmoja kidogo pembeni mwa aliye mbele yake, mpaka upana wa barabara uishe. Wasiopata nafasi kwenye mshazari wanabaki wakining'inia ukingoni mwa lami, wanapigwa upepo wote, na dakika chache baadaye wameachwa. Timu ndogo iliyokubaliana kabla inaweza kuwavunja watu wenye nguvu maradufu yao mahali kama hapo. Mimi sijui furaha inayozidi ile ya kusikia nahodha akiita jina lako kabla ya kona, na wote mnajua kinachofuata, na wapinzani hawajui.

Halafu kuna mwisho wa mbio. Nikwambie siku moja ambayo siisahau. Zilibaki kilomita mbili, mmaliziaji wetu, yule tunayemkinga ili achomoke mita za mwisho, alikuwa nyuma yangu, na mbele yangu alikuwa mmoja wetu mrefu, mgongo wake mpana umelowa, chumvi ya jasho imechora mistari myeupe kwenye kaptula. Alivuta mpaka kichwa kikaanza kuyumba. Akapepesa kiwiko cha kulia, ishara kwamba basi, chukua. Nikachukua. Sikuangalia nyuma, maana ukiangalia nyuma unapunguza mwendo; nilisikiliza tu gurudumu la mmaliziaji likivuma nyuma ya langu. Nikakanyaga hadi macho yakaona ukungu, naye akapita upande wangu wa kushoto kama aliyerushwa. Mimi niliingia katikati ya kundi, nafasi ambayo hakuna anayeitangaza. Alipogeuza baiskeli akarudi, hakusema kitu, alinishika shingoni tukabaki tunahema. Siku ile niliona nimeshinda, na mpaka leo nasema nilishinda.

Katika mchezo wetu kuna kisa kinachojulikana kuliko vyote cha namna hii, nacho ni cha René Vietto kwenye Tour de France ya mwaka 1934. Alikuwa kijana wa miaka 20, anapanda milima kuliko karibu kila mtu. Huko kwenye milima ya Pirenei kiongozi wa timu yao ya Ufaransa, Antonin Magne, akaharibikiwa gurudumu, Vietto akampa la kwake na kubaki akisubiri msaada. Kuna picha yake ameketi ukutani kando ya barabara analia. Kesho yake Magne akapata matatizo tena, na Vietto, ambaye alikuwa tayari yuko mbele, akageuka akapanda tena mlima aliokuwa akiushuka ili amsaidie. Magne akashinda Tour. Vietto alimaliza wa tano. Sikupi kisa hiki ili ujifunze kulia ukutani, na kwa kweli naona kijana yule alidaiwa zaidi ya haki. Nakipa kwa sababu karibu karne imepita na watu bado wanalitaja jina lake, pengine kuliko la bingwa mwenyewe wa mwaka ule.

Hapo ndipo nataka uwe makini. Kuna timu zinazolea wasaidizi na kuna timu zinazowatumia. Kabla hujasema ndiyo, muulize nahodha maswali haya bila kuona haya. Zawadi ya fedha inagawanywaje? Kwa wanaolipwa ni desturi ya siku nyingi mshindi kugawana zawadi na wenzake, na timu ya ridhaa isiyofanya hivyo mimi siiamini. Je, msaidizi akijikuta kwenye kundi lililotoroka, anaruhusiwa kupigania ushindi wake? Inafaa aruhusiwe, maana kuwa na mtu mbele kunawapumzisha wenzake nyuma, kwa kuwa hawana tena wajibu wa kufukuza. Je, kuna mbio ambazo majukumu yanabadilishwa, nahodha naye akavuta kwa ajili ya mgeni? Na mazoezini, mtu akipata pancha, wanasimama au wanaendelea? Jibu la swali hilo la mwisho litakuambia mengi. Ukiona wanaovuta ni wale wale mwaka hadi mwaka na wanaoshangiliwa ni wale wale, shukuru kwa mwaliko na utafute kwingine.

Ukikubali, kuna mambo machache ya kushika tangu siku ya kwanza. Gurudumu lako la mbele lisipishane kamwe na la nyuma la aliye mbele yako, kwani yakigusana yeye atayumba kidogo na kuendelea, wewe ndiye utakayeanguka, pamoja na walio nyuma yako. Usikodolee macho tairi lake. Tazama juu ya bega, uone barabara na watu watatu wanne mbele yake. Tumia masikio pia. Mtu akiacha kukanyaga, kitovu cha gurudumu lake la nyuma huanza kulia tiki-tiki-tiki, na sauti ile inakuonya kabla hujaona pengo likifungwa. Breki ziguse tu, usizikamate. Na ndani ya msafara kaa kwenye theluthi ya mbele, kwa sababu kila kona watu wa nyuma wanafunga breki zaidi na kulazimika kuchomoka zaidi kuliko wa mbele. Kona zikiwa nyingi, wa mkiani anakuwa amekimbia mbio ngumu maradufu bila kumfukuza mtu.

Kula mapema, kunywa mapema. Kwenye mbio ndefu mwili unaweza kutumia gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa, na ukingoja njaa ikubishie hodi umeshachelewa. Msaidizi aliyeishiwa hamsaidii mtu.

Kuhusu baiskeli nyepesi uliyoitaja, tulia kwanza. Hata wanaolipwa hawaruhusiwi kushuka chini ya kilo 6.8 kwa kanuni za UCI, chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli, na kwenye tambarare mkao wako juu ya usukani una thamani kuliko gramu chache za fremu. Tafuta tairi nzuri, cheni safi, na mtu wa kukuweka sawa kitini. Ila kwenye kofia ya kinga usibane matumizi, na uivae hata kwa mazoezi mafupi. Andrei Kivilev wa Kazakhstan alianguka kwenye mbio za Paris–Nice mwezi Machi 2003 akiwa bila kofia, akafariki kwa jeraha la kichwa, na mwaka huo huo UCI ikaanza kuzilazimisha. Alikuwa mtu wa ngazi ya juu kabisa, kwenye barabara ambayo haikuwa na kitu cha ajabu.

Jambo la mwisho linahusu kazi yako ya kila siku. Sisi wa ridhaa tunafanya mazoezi kabla ya jua kuchomoza au baada ya kutoka kazini, na hakuna anayetulipa kupumzika. Usijilinganishe na mwenye siku nzima ya kuzunguka barabarani. Kilomita nyingi za mwendo wa pole, siku chache za kujibana kweli, na usingizi, hayo yatakufikisha. Waambie na wa nyumbani mapema siku za mbio ni zipi, maana nao wanabeba sehemu ya mzigo huu na wanastahili kujua.

Nijulishe nahodha atakavyojibu maswali yale, hasa la zawadi na la pancha. Ukishapata ratiba ya msimu, nitumie. Kama kuna mbio ninayoweza kufika, nitasimama kwenye kituo cha maji nikupokeze chupa, na nitaleta magurudumu yangu ya akiba endapo utayahitaji. Nipe tu habari kama baiskeli yako ni ya breki za diski au za rimu, ili nilete yanayoingia.

Wasalimie sana wote.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.