Mwalimu, kwanza ulale

Kirumba, Mwanza

Mwalimu, rafiki yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Sisi huku wazima, watoto wanakwenda shule, na biashara inasuasua kwa sababu mwezi ni mpevu na dagaa ni wa shida. Mama anaendeleaje? Namtaja kila asubuhi, na wewe pamoja naye.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa Mwaloni, sokoni kwetu kwa samaki na dagaa. Wapagazi walikuwa wanapiga kelele kila upande, nikaenda kusimama nyuma ya magunia ili nikusikie vizuri. Ulisema, "Nimekauka. Nikipiga magoti sina neno, na nikiimba naisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine." Halafu ukacheka kidogo, ukaniuliza bei ya gunia. Nimeona nikuandikie barua. Jambo kama hili siwezi kukujibu kwa ujumbe wa simu huku nahesabu hela za watu, na barua unaweza kuiweka kando ukizidiwa, ukaisoma kesho.

Hukumkosea Mungu kwa kuchoka, Mwalimu. Natangulia kusema hivyo kwa sababu nakujua, najua umeshajihukumu. Yohana anaandika kwamba Yesu alipofika Samaria alikuwa amechoka kwa safari, akaketi vivi hivi kisimani, saa sita ya mchana. Hakuwa na hata chombo cha kutekea; aliomba maji kwa mwanamke aliyekuja kuteka pale. Huyo ndiye tunayemwabudu. Kwa nini wewe ujione mkosaji, unayeamka saa kumi alfajiri kumgeuza na kumwogesha mgonjwa wa kiharusi, unakwenda kufundisha darasa limefurika, jioni unasimamia kwaya, na Jumamosi uko msibani?

Umesema kuna mtu aliyekuambia kwamba ukavu huo ni mlango umemfungulia adui, hivyo ufunge siku kadhaa na usikose mkesha. Sitaki kumsema vibaya, huenda alikupenda. Lakini sikubaliani naye hata kidogo. Nakuomba usome tena 1 Wafalme sura ya 19, polepole, kama vile hujawahi kuisikia ikihubiriwa.

Eliya ametoka mlimani Karmeli, moto umeshuka mbele ya macho ya watu, amewashinda manabii 450 wa Baali. Huyo ndiye anayevunjika. Yezebeli anatuma neno moja la vitisho, naye anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. "Yatosha," anamwambia Mungu. Neno hilo wewe umelisema mara ngapi jikoni, ukisubiri maji ya mama yachemke?

Sasa tazama Mungu alivyomtendea. Hakumkemea. Hakumuuliza imani yake imekwenda wapi. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, "Inuka, ule," na hapo kichwani pake palikuwa na mkate ulioivishwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Hapo mimi husimama kila nikisoma: akalala tena! Na malaika hakumwambia umeshalala vya kutosha, kuna kazi. Alirudi mara ya pili na chakula, akamwambia safari hii ni kubwa mno kwako. Mbinguni walikiri kwamba ilikuwa kubwa mno. Lile swali, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilikuja baadaye kabisa, huko Horebu, baada ya kulala na kula na kutembea siku 40. Mtu aliyezimia hapewi mfungo. Mungu mwenyewe alianza na mkate, basi na wewe anza hapo.

Makanisani tuna tabia inayonisikitisha. Mtu akionekana amelegea, tunamwongezea kitu: kipindi kingine, kamati nyingine, mnyororo mwingine wa maombi wa saa tisa usiku. Mtu mwenye moyo kama wako ndiye anayebeba vyote, kwa sababu hajui kukataa, na kila mtu amezoea kwamba yupo. Tunakusifu kwenye matangazo, halafu tunakupa michango ukusanye. Nakwambia hivi nikiwa mimi mwenyewe ni mtu wa mikesha na ninaipenda. Ila mkesha ni wa mtu aliyelala jana.

Wewe ulikulia Igoma, mambo ya ziwa hukuyazoea sana, basi nikueleze kwa nini biashara imelala sasa hivi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani zilikuwa karabai na siku hizi nyingi ni za umeme wa jua, dagaa wanaufuata mwanga na nyavu zinawakusanya. Mwezi ukipevuka, ziwa zima lina mwanga, dagaa wanatawanyika na taa haziwavuti tena. Basi mitumbwi inavutwa mchangani. Watu wanashona nyavu, wanaziba mbao zinazovuja, wanakwenda kuwaona wake zao, wanalala mchana kweupe midomo wazi. Hivyo ndivyo inavyokuwa kila mwezi. Na sijasikia mtu hapa Mwaloni akimwita mvuvi mvivu kwa sababu hiyo, hata sisi wanunuzi tunaoumia mifukoni. Dagaa hawajaisha ziwani, madeni hayajalipwa, ada za watoto ziko palepale, na wanapumzika, kwa sababu wakati wake umefika.

Wewe umejiwekea kwamba utapumzika mambo yakiisha. Mwalimu, hayaishi. Soma Kumbukumbu la Torati sura ya 5, uone Mungu anavyoeleza Sabato mle. Anawaambia Waisraeli wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri, na yeye akawatoa. Mtumwa hana siku ya kukaa. Anapumzika bwana wake akitaka. Na Mungu anaagiza kwamba apumzike pia mtumwa wako, na mjakazi wako, na ng'ombe, na punda. Amewataja ng'ombe na punda kwa jina! Halafu mtoto wake aliyemnunua kwa damu aone aibu kukaa kitini nusu saa?

Najua utaniambia: sawa, lakini mama siwezi kumweka chini. Ni kweli. Yesu aliposema, "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha," hakusema mizigo yote itaondoka. Hapohapo ametaja nira. Usiku wa leo mama atahitaji kugeuzwa, na atakayemgeuza ni wewe. Lakini sikiliza anavyojieleza mwenyewe: "mimi ni mpole na mnyenyekevu wa moyo." Ile sauti inayokufokea ndani kwamba hujafanya vya kutosha, kwamba ungeomba zaidi, ungefunga zaidi, wenzako wanaweza kwa nini wewe usiweze, hiyo si ya mtu mpole. Usiitii kwa sababu tu imejifunza kunukuu Maandiko. Ukiisikia, sema jina la Yesu na uende zako kupika chai.

Kuhusu maombi. Ulisema huna neno hata moja. Nilipomzika mama yangu nilikaa hivyo muda mrefu, na hili sijawahi kukusimulia. Kulikuwa na bibi mmoja jirani, mwanamke wa Kisukuma wa zamani. Aliingia, akaona sufuria zimelala na ukoko, akazitoa nje akazisugua kwa majivu. Akasonga ugali, akapika sato wa mchuzi wa nyanya. Akaniweka chini, akasema "kula", akanikalia mbele mpaka nikamaliza tonge la mwisho. Kisha akasali Baba Yetu kwa Kisukuma, peke yake, mimi sikuitikia hata amina. Akafunga mlango akaenda zake. Kesho yake akaja tena. Hakuniuliza kama nimeomba. Aliomba yeye, ndani ya nyumba yangu, mpaka siku moja nikajikuta naitikia.

Unamkumbuka yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, aliyeshushwa kwa dari? Marko anasema Yesu alipoiona imani yao, wale waliombeba. Mgonjwa mwenyewe hatusikii amesema lolote. Basi mimi na kina mama wawili wa hapa tumekubaliana kukubeba wewe na mama yako kila siku saa kumi na moja asubuhi. Hatujawaambia watu habari zako. Wanajua tu kuna dada anahitaji kushikwa mkono. Saa hiyo ikifika na wewe huna la kusema, usiseme. Paulo anasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, na mimi naamini kuugua huko kunasikika mbinguni kama vile kwaya yako inavyosikika Jumapili.

Ukitaka neno la kushika, chukua Zaburi ya 88. Watu huipita haraka kwa sababu imeanza kwa kilio na kuishia gizani, haina ule mstari wa mwisho wa kusifu. Lakini imo kwenye Biblia, na aliyeiandika anamwita Mungu "Mungu wa wokovu wangu" huku analia hivyo. Usiku, taa ikizimwa, sema mstari wa mwisho wa Zaburi ya 4: "Katika amani nitajilaza, na kupata usingizi mara." Huo mmoja tu. Ukisinzia katikati, basi umefanya ulichoambiwa.

Sasa mambo ya mikono. Kwaya mwachie msaidizi wako mpaka baada ya Krismasi. Usitoe maelezo marefu, mwambie mchungaji, "Nimechoka, naomba nikae kwenye benchi niimbiwe." Kaka zako wapo, na wana mishahara, waite kikao. Wasiishie kutuma hela na pole kwenye simu, waje wakeshe kwa zamu, hata kama ni Ijumaa na Jumamosi tu. Yethro alimwambia Musa jambo hili ni zito kukushinda, huwezi wewe kulifanya peke yako, na Musa alikuwa mtu aliyeongea na Mungu uso kwa uso. Alimsikiliza mkwewe.

Na hili naomba usinikasirikie. Ukiona usingizi hauji hata ukipata nafasi ya kulala, chakula hakipiti, au lile "yatosha" la Eliya linakujia mchana na usiku, nenda hospitali. Sonona ni ugonjwa, unatibika, na Muhimbili iko hapo Dar es Salaam kwenu. Ukiwa na wazo la kujidhuru, usisubiri asubuhi, nipigie mimi saa yoyote na umwamshe mtu wa nyumbani. Luka alikuwa tabibu, Paulo akamwita mpendwa. Hakuna mahali tunaambiwa aliacha dawa ili awe mwamini. Kunywa vidonge na kusali vinakaa kwenye mkono mmoja bila kugombana.

Likizo ya Desemba uje. Kaka zako wabaki na mama. Panda treni mpaka Dodoma, kisha basi, au uje na basi moja kwa moja ushukie Nyegezi, nitakuja kukupokea. Sitakupeleka kwenye semina yoyote wala sitakutambulisha kanisani kama mgeni wa heshima. Tutapanda kivuko cha Kamanga twende na kurudi bila shughuli yoyote ng'ambo, wewe ukae upande wa upepo. Chumba cha nyuma kina neti mpya, na watoto nimeshawaonya kuhusu redio asubuhi.

Nimempa kondakta wa basi la kesho kutwa mfuko wa dagaa. Ni wa chanja, hawakuanikwa chini, kwa hiyo hutatafuna mchanga. Nitakutumia namba yake asubuhi, mtume kijana wa jirani akauchukue stendi, wewe usiende. Na ukipata barua hii usihangaike kuijibu kwa maneno mengi. Niandikie tu kaka zako wamesemaje.

Rafiki yako akupendaye katika Bwana,

Mama wa Mwaloni