Kukopa kisa cha kale si kukinakili

Ndugu Mhariri,

Vikundi vya maigizo huku Lindi na Mtwara vinapenda visa vya kale, na ni haki yao. Kinachoharibu maonyesho mengi ni kwamba mtunzi hubeba historia nzima, mwaka baada ya mwaka, akawagawia wahusika waisome kwa zamu. Hiyo ni risala, si tamthilia.

Shakespeare alikitoa kisa cha Juliasi Kaizari, mtawala wa Roma, kwa Plutarch, mwandishi wa kale wa Kiyunani, katika tafsiri ya Thomas North ya mwaka 1579. Ila muda aliukata bila huruma: shangwe za ushindi za Oktoba 45 K.K. na sikukuu ya Februari 44 K.K. akazifanya siku moja, na mauaji ya Machi yakamkuta mtazamaji hajapoa. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, katika tamthilia yake Kinjeketile (1969) hakuipanga vita ya Maji Maji pigano kwa pigano. Alimshika mtu mmoja anayelitilia shaka neno lake mwenyewe wakati watu wameshaliamini, na akaeleza wazi kuwa huyo ni wa kubuni.

Sasa tazama Kilwa Kisiwani. Simulizi ya Kiarabu inasema Ali bin Hassan, mgeni kutoka Uajemi, alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka, kisha akachimba mkondo ili aliyekiuza asivuke tena kwa miguu maji yakipwa. Simulizi ya Kiswahili nayo inazitaja nguo, ila inamleta binti wa Mrimba, mwenye kisiwa, aliyeolewa na mgeni. Huko maji yanazuiwa yasipwe, kwa kafara na kisomo. Ukizichanganya zote mbili, onyesho linajaa maji. Chagua moja. Sisi tungemchagua binti: baba yuko bara anangoja bahari ipwe aje na vita, mume yuko kisiwani, naye anajua nia za wote wawili. Anzia usiku huo. Habari ya ununuzi imalizwe kwa sentensi mbili, robota la nguo likiwa jukwaani. Wajumbe wakiwa wengi, wawe mmoja. Msimulizi asipewe kazi ya kuziba mapengo, maana akishaanza kueleza, waigizaji wanabaki wamesimama tu.

Sababu za mtu kutenda unaweza kuzibuni. Mwisho unaojulikana usiuguse, kwani watazamaji wa Kilwa wanaujua tangu utotoni. Na kabla pazia halijafunguliwa, mshereheshaji ataje kisa kimetoka simulizi ipi na mtunzi ameongeza nini.

Walimu wa fasihi,
Lindi