Safari ya Hifadhi ya Wanyama ya Kruger: bima na dawa za malaria

Habari za jioni, ndugu zangu. Tunaondoka Johannesburg Ijumaa saa 11 alfajiri, tukutane Park Station. Naomba kila mmoja:

1. Anitumie picha ya kadi ya bima, mbele na nyuma. Hospitali binafsi za huku hutaka bima au amana kabla ya kumlaza mgonjwa. Mwaka jana tulichangishana usiku kucha koridoni, mwenzetu akiwa kwenye kitanda cha magurudumu. Sitaki yajirudie.
2. Amwone daktari mapema kuhusu dawa za malaria. Hapa Johannesburg hatuijui, lakini Kruger ipo.
3. Atume randi 650 za basi, mwisho Jumatano.

Hifadhini namba ya ambulensi, 10177. Kwa simu ya mkononi, 112. Jibuni "NIPO" au "SIPO" kabla ya Jumanne saa 2 usiku, tafadhali.