Makofi yanakatika kwenye CD yako: kabla ya kutulaumu, soma hapa

Kila baada ya Noeli na Pasaka, sisi tunaotengeneza CD za kwaya hapa Bukavu tunaletewa lawama ileile: "CD yenu inakatika katikati ya makofi." Ya pili haichelewi: "CD tupu pale soko la Nyawera haifiki dola moja, ninyi mnaomba pesa zote hizi za nini?" Juzi maestro (kiongozi wa waimbaji) wa kwaya moja ya Kadutu ametoka hapa amekunja uso, anasema tumemwibia.

Papa maestro, kuchoma CD ni kazi ya mashine, dakika chache tu. Unacholipa ni kazi inayotangulia.

Maestro huyo alituletea fleshi yenye MP3 (faili za sauti zilizobanwa), kila wimbo na faili yake, kijana wa kwaya amezikata kwenye simu ili wapunguze bei. Kwa nyimbo za studio ingepita. Lakini hii ilikuwa ibada ya live, ngoma za wimbo wa nne zinaanza wakati akina mama bado wanapiga vigelegele vya wimbo wa tatu. MP3 huongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa faili. Wimbo ukiisha kimya huusikii. Kanisa likiwa linashangilia, utasikia watu wote wamenyamaza ghafla, halafu wamefufuka. Na programu nyingi za kuchoma huweka zenyewe sekunde mbili tupu kati ya wimbo na wimbo, basi hapo ni msiba.

Sisi tunataka rekodi nzima, haijaguswa. Sekunde moja ya CD imegawanywa vipande 75 vinavyoitwa fremu, kila fremu ina sampuli 588 (vipimo vidogo vya sauti), na alama ya mahali wimbo unapoanzia lazima ikae kwenye mpaka wa fremu. Ukikata pembeni yake, fremu ya mwisho inajazwa ukimya na unasikia "tik". Mimi alama naiweka makofi yanapoanza kushuka, kabla mpiga gitaa hajaanza kukaza nyuzi. Hapo mtu akiruka moja kwa moja hadi wimbo wa tano haangukii kwenye kikohozi cha shemasi. Kisha tunachoma CD yote kwa mkupuo mmoja, bila mashine kusimama kati ya nyimbo.

Kingine ni hiki cha kupandisha sauti ya kila wimbo peke yake. Tulipokea kazi ya harusi iliyofanywa hivyo mahali pengine: wimbo wa taratibu umevutwa hadi ulingane na ngoma, na watu wa ukumbini wamepanda nao, utadhani wageni mia wameingia kwa mlango wa nyuma. Rekodi ya live inapandishwa yote pamoja, kwa kipimo kimoja. Na kama ilipasuka tangu kwenye mikrofoni, hakuna fundi wa kuirudisha. Tunaweza kuipunguza makali tu.

Kuna mama mmoja wa soprano alikuja na CD aliyotengenezewa kwingine, akauliza ni nani huyo anayeimba nafasi yake. Rekodi ilitoka kwenye kamera, sampuli 48,000 kwa sekunde. CD inasoma 44,100. Aliyeichoma hakubadilisha kipimo, akaipitisha hivyohivyo: wimbo ukawa mzito, sauti ikashuka zaidi ya nusu toni, na soprano ikageuka alto. Alicheka, lakini CD zilikuwa zimeshauzwa kwa waumini.

Zilizopitia WhatsApp msilete, sauti imeshabanwa. Leteni WAV (faili ya sauti isiyobanwa) kutoka kwenye meza ya sono, ile ya kuchanganyia sauti, au hata kadi yenyewe ya kamera, pamoja na karatasi yenye majina ya nyimbo kwa mpangilio. Mahubiri mtuambie mapema kama yanabaki au yanatoka. CD moja inabeba dakika 80, na ibada zenu tunazijua. Kinachozidi kinakwenda kwenye CD ya pili, nayo inalipiwa.