Wenye HIV ndio walioanza kujaribiwa

Mhariri,

Hapa Malindi, kuanzia baraza za Shela hadi foleni za kliniki, watu wanazungumzia tiba ya seli T (chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi) zilizobadilishwa jeni. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya saratani na matajiri, sisi yatuhusu nini. Wengine, na hawa ndio wanaonitia hofu, wanaulizana kama waache ARV.

Nianze na hiyo saratani. Miaka ya 1990, kabla tiba hii haijasifika kwa saratani ya damu, waliotiwa seli hizo huko Marekani walikuwa watu wenye HIV. Walitolewa damu, seli T zikatengwa, zikapachikwa jeni ya kuzifanya zitambue virusi, zikazalishwa kwa wingi maabarani, kisha zikarudishwa mshipani. Virusi havikushindwa. Lakini mwaka 2012 watafiti waliripoti kwamba seli zile zilikuwa zingali hai miilini baada ya zaidi ya miaka kumi, bila dalili ya kuzusha saratani. Mwaka 2017 Marekani ikaidhinisha Kymriah, tiba ya aina hii, kwa watoto na vijana wenye leukemia, yaani saratani ya damu, kwa dola 475,000 kila mgonjwa. Wenye HIV wangali wakimeza vidonge.

Ughali huo una sababu: kila dozi hutengenezwa kwa seli za mgonjwa mwenyewe, kama kanzu ya kupimiwa kwa fundi. Si lazima iwe hivyo daima. Desemba 2022 Ulaya iliidhinisha Ebvallo, seli T zilizotolewa na watu wengine wenye afya (hizi hazikubadilishwa jeni) zinazotayarishwa mapema kwa waliopandikizwa viungo au uboho wakapata uvimbe unaoletwa na virusi vya Epstein-Barr.

Kuhusu ARV, mtu asidanganywe. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilitoa matokeo ya wagonjwa 12 ambao seli zao zilikatwa jeni ya CCR5, mlango wa HIV. Baadhi yao walisimamisha dawa chini ya macho ya madaktari, na virusi viliibuka tena. HIV hujificha ndani ya seli zilizolala, na huko ARV wala seli hizi bado hazijaifikia.

Jirani zetu Kilifi, kwenye kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI-Wellcome, walishiriki kujaribu chanjo ya malaria ya RTS,S. Majaribio ya seli hizi yakija Afrika, kaunti yetu iyaombe, ila iandikwe kwenye mkataba kabla sindano ya kwanza haijachomwa: tiba ikifaulu, mgonjwa wa Malindi ataipata kwa bei gani, na nani atalipa.

Msomaji wako,
Malindi